Kamati Haiwezi Kuendesha Harusi

"Mratibu wa nini wakati sisi tupo?" Swali hilo husikika katika kikao cha kwanza cha kamati ya harusi, iwe Sinza au Mbezi, Arusha au Mwanza, na mwenye kuuliza huwa hangoji jibu. Wajumbe wanaitikia kwa vichwa, katibu anakata kipengele hicho kwenye bajeti, na fedha iliyokuwa imetajwa inahamia kwenye mapambo. Kamati ipo, MC yupo, mashangazi na wajomba wapo. Mtu wa kulipwa ili asimamie shughuli ya ukoo ni wa nini?

Wazo hili limezoeleka kiasi kwamba halijadiliwi tena, na ni wazo lenye makosa. Harusi ya ukumbini yenye wageni mia tatu, watoa huduma kumi au zaidi, na ratiba inayoanzia saluni alfajiri hadi saa sita usiku, haiwezi kuendeshwa na kamati wala na MC. Inahitaji mtu mmoja asiye ndugu, asiyeshika kipaza sauti, anayelipwa kwa kazi hiyo peke yake. Familia inayokataa kumlipa mtu huyo haiokoi chochote. Gharama inabaki palepale, ila inabebeshwa watu ambao hawakuulizwa.

Kamati yenyewe inastahili heshima yake, na mtu anayeibeza haijui. Kwa miezi mitatu au minne watu wasiolipwa hata senti wanakutana kila wiki baada ya kazi. Wanagawa kadi za michango, wanakumbusha ahadi bila kuvunja urafiki, wanasoma mapato na matumizi mbele ya kikao. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mchango wa binamu aliye Mtwara unaweza kumfikia mhazini kabla kikao hakijafungwa. Kijana wa mshahara wa kawaida anafanyiwa sherehe ambayo peke yake asingeithubutu. Hakuna mratibu duniani anayeweza kuifanya kazi hiyo, kwa sababu inasimama juu ya undugu, ujirani na deni la wema ambalo watu wanalipana mwaka hadi mwaka.

Ila hiyo ni kazi ya kukusanya na kuamua. Kuendesha siku yenyewe ni kazi nyingine.

Jumamosi inapofika, kamati inakuwa imeshavunjika kabla ya ile sherehe yake ya kuvunja kamati. Mwenyekiti amevaa suti na ameketi karibu na meza kuu. Katibu ni miongoni mwa wapambe. Mhazini yuko mlangoni na bahasha, anazongwa na watu wa vinywaji na mwenye gari wanaodai salio. Shangazi aliyepewa kamati ndogo ya chakula yuko saluni na anamaliza saa tisa. Wote hao wamechanga, wamenunua sare, wamealikwa, na wana haki ya kukaa na kufurahi kama wageni wengine. Kila mmoja anajua kipande chake tu. Ukiuliza saa kumi na moja jioni kama keki imefika, gari la maharusi liko wapi na meza za upande wa bibi harusi zimepangwa ngapi, utapata majibu matatu kutoka kwa watu watatu, na hakuna kati yao aliyemsikia mwenzake.

Wanaosema mratibu ni ghali wahesabu pia bei ya saa za ukumbi. Tuseme ukumbi umekodiwa kwa shilingi milioni 3, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Hizo ni saa sita, kila saa shilingi 500,000. Maharusi waliopangwa kuingia saa 1 usiku wakiingia saa 2 na nusu, shilingi 750,000 za michango ya watu zimekwisha huku wageni wakitazamana. Mpiga picha aliyekodiwa kwa muda maalumu naye anaanza kudai nyongeza. DJ vilevile. Saa 6 usiku msimamizi wa ukumbi anawasha taa zote, na familia inayobembeleza iongezewe nusu saa haina tena nguvu ya kujadili bei.

Ucheleweshaji huo kwa kawaida una chanzo kidogo. Mtu aliyetoka Kanisa la Azania Front pale Posta saa kumi jioni akaenda kupiga picha ufukweni, kisha akaelekea ukumbi wa Mlimani City, anapita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Mwenge saa ambayo nusu ya Dar es Salaam iko barabarani. Kila mkazi wa jiji anafahamu hivyo. Lakini kufahamu hakusaidii kama hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mpiga picha, "Picha zimetosha, tunaondoka sasa." Mpambe hawezi, ni rafiki wa bibi harusi na hataki kumuudhi. Mjomba anayeendesha gari hawezi. Si kazi yake. Bibi harusi mwenyewe hapaswi kutazama saa siku hiyo. Anayeweza ni mtu aliyeiandika ratiba, aliyekubaliana na mpiga picha wiki mbili nyuma kwamba ufukweni ni dakika arobaini, na ambaye hana undugu wa kulinda.

Sasa ije hoja ambayo wapinzani wa mratibu huitaja kwa fahari: "Mbona harusi zetu zote zilifanikiwa bila huyo mtu?" Zilifanikiwa, ndiyo. Waulizwe zilifanikiwa kwa mgongo wa nani. Katika harusi nyingi yuko mwanamke mmoja, mara nyingi mama mdogo au dada mkubwa wa bibi harusi, ambaye hakuonekana kwenye picha. Wakati viapo vinasomwa alikuwa kwenye simu na mpishi. Wakati keki inakatwa alikuwa stoo, anahesabu kreti za soda kwa sababu mtu alidai zimepungua. Wakati wa kutoa zawadi aliitwa kwa jina, akaja anakimbia, kitenge cha sare kimelowa maji ya kuoshea vyombo. Aliamka saa kumi usiku, akalala siku ya pili yake. Hakuna aliyemtuma. Pengo lilikuwepo, akalijaza, kwa sababu tangu utotoni amelelewa kuona pengo na kulijaza.

Huyo ndiye mratibu wa harusi zisizo na mratibu. Hana mkataba wala malipo, na chakula kikipungua lawama ni yake kwa miaka kumi ijayo. Kamati iliyokata kipengele cha mratibu kwenye bajeti ilimchukua mama huyo ikampa kazi ya mtu wa kulipwa, na ikamnyang'anya sherehe ya mwanawe. Hili ndilo jambo zito kuliko mengine yote katika mjadala huu, na ajabu ni kwamba halitajwi kikaoni. Huenda ni kwa sababu wanaohesabu fedha na wanaohesabu kreti si watu walewale.

Kuna siku pia ambazo hata mama huyo hodari hawezi kuziokoa. Tarehe 4 Mei 2024 ilikuwa Jumamosi, siku ya harusi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imetoa tahadhari siku chache kabla kuhusu kimbunga Hidaya kilichokuwa kikiisogelea pwani. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo gridi ya Taifa ikapata hitilafu na umeme ukakatika sehemu kubwa ya nchi. Kimbunga kilifika Mafia siku hiyohiyo kikiwa kimeanza kupoteza nguvu, lakini mvua na upepo vilikuwa vimeshavuruga mipango ya watu kutoka Mtwara na Lindi hadi visiwani.

Fikiria kazi iliyotakiwa kufanyika kuanzia Jumatano ya wiki hiyo. Kusoma taarifa za TMA asubuhi na jioni. Kuwapigia wageni wa Unguja wavuke Alhamisi. Kumwuliza mwenye hema la bustanini kama anarudisha malipo ya awali au anasogeza tarehe. Kutafuta ukumbi wa ndani, kisha kuwajulisha mpambaji, mpishi, DJ na mwenye gari kwa mpangilio ambao hautawagonganisha. Kuagiza mafuta ya jenereta kabla mji mzima haujayakimbilia. Kamati hukutana mara moja kwa wiki. Kundi la WhatsApp lenye watu themanini, ambamo kila mmoja anatuma maoni yake na wawili wanagombana, haliwezi kufanya maamuzi hayo kwa siku tatu. Mtu mmoja mwenye namba za watoa huduma wote na nakala za mikataba yao anaweza.

Kwa majirani zetu Kenya, umeme ulizimika karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, na maeneo mengi yakaamkia Jumamosi gizani. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulikuwa na majenereta, lakini moja kati ya hayo halikuwaka na abiria wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Uwanja mkubwa kuliko vyote nchini, wenye wahandisi wake, ulishindwa na jenereta. Kwa hiyo kamati inayoandika kwenye kumbukumbu zake kwamba "ukumbi una jenereta" haijaandika kitu. Limewashwa lini mara ya mwisho? Mafuta ni ya nani, ya ukumbi au ya mteja? Linabeba muziki peke yake, au na majokofu pia? Nani ana ufunguo wa chumba chake saa tatu usiku? Mratibu anayejua kazi anauliza maswali hayo siku anapotembelea ukumbi, na anaomba liwashwe mbele yake.

Wengine husema kuchelewa ni aibu tu, na aibu haiui. Inaweza. Katika mwongozo wake wa funguo tano za chakula salama, Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Pilau iliyotolewa jikoni saa kumi na mbili jioni kwa ratiba iliyosema watu watakula saa moja na nusu, kisha ikaliwa saa nne kasoro kwa kuwa maharusi walikwama Mwenge, imepita kikomo hicho katika jiji lenye joto la Dar es Salaam. Mpishi hakukosea. Alifuata saa aliyopewa, na hakuna aliyempigia kumwambia asubiri. Simu moja ya mratibu akiwa njiani, "ondoa moto saa mbili", ingetosha. Katika harusi nyingi simu hiyo haipigwi kwa sababu kila mtu anadhani mwingine ameipiga.

Hoja ya MC nayo ina mvuto wake. MC mzuri wa mjini ana uzoefu wa mamia ya sherehe, anajua itifaki, anajua lini wazazi waitwe na lini kwaito ipigwe. Kwa nini asisimamie na mengine? Sababu ni mahali anaposimama. Yuko mbele, ana kipaza sauti, macho ya watu mia tatu yako kwake. Hawezi kutoka kwenda getini ambako watu waliokuja bila kadi wanabishana na walinzi, wala kwenda jikoni kuona kama sahani zinatosha. Zaidi ya hayo, ustadi wake unafanya kazi kinyume na usimamizi. MC hodari anapoona chakula hakijafika, anaanzisha mchezo, anawaita wajomba wacheze, anasimulia visa vya bwana harusi, na wageni wanacheka. Anaficha pengo, na ndiyo kazi aliyolipwa. Mratibu analipwa ili pengo lisiwepo. Ukimkabidhi mtu mmoja kazi hizo mbili, ataifanya ile inayompatia makofi.

Tena MC wa jina kubwa ana shughuli nyingine. Kalenda ya harusi zetu imebanwa na dini: Wakristo wengi hawaoani wakati wa Kwaresima, Waislamu hukimbilia kumaliza kabla ya Ramadhani. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilianza ndani ya wiki ya kwanza ya mwezi Machi, kwa hiyo harusi za pande zote mbili zikasongamana mwezi Februari na baada ya mfungo. Desemba nayo ina msongamano wake, hasa Moshi na vitongoji vyake, pale Wachagga wanaporudi nyumbani. Katika Jumamosi kama hizo MC anatoka sendofu ya mchana akiwa amekaukiwa sauti, anafika ukumbini nusu saa kabla ya maharusi. Hajaona jedwali la meza. Hajui kuwa baba mzazi wa bibi harusi amefariki na anayesimama ni baba mkubwa. Kosa la namna hiyo likitamkwa kwenye kipaza sauti halifutiki, na hakuna anayepaswa kulaumiwa zaidi ya yule aliyeamini kwamba MC anatosha.

Kisha kuna wanaopandisha mjadala hadi kwenye utamaduni. Kukodi mtu, wanasema, ni uzungu. Mila zetu ni za kusaidiana. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa uzito, maana kusaidiana ni kweli na ni kuzuri. Lakini mila hizohizo ziligawa kazi kwa makini kuliko tunavyogawa sisi leo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza harusi ambayo ndani yake kila hatua ina mwenyewe. Kungwi alikuwa na bibi harusi siku za ndani, akijua nini kinafanyika na lini, na alikuwa na ada yake. Hakuna aliyemwona kuwa mgeni aliyekuja kuwapora wazazi shughuli yao. Mshenga alipelekwa kuposa kwa sababu wazee walijua baba hafai kumpigania mwanawe bei mbele ya wakwe. Atakasirika, ataaibika, ataharibu. Mpishi wa shughuli, yule wa masufuria makubwa, hadi leo anaitwa na kulipwa Tanga, Mombasa na Unguja, na hakuna shangazi anayedai kwamba kumlipa ni kuutukana ukoo.

Kwa hiyo desturi ya kumpa mtu wa nje kazi inayowashinda wazazi ni yetu kabisa. Kilichobadilika ni harusi. Sherehe ya ukumbini, yenye kadi, meza zenye namba, taa za rangi, video, keki ya ngazi na matarumbeta juu ya pikapu, ina vipande vingi ambavyo kungwi na mshenga hawakuachiwa nafasi ya kuviunganisha. Tumeongeza vipande, hatujaongeza mtu.

Haki itendeke pia kwa harusi zisizomhitaji. Nikaha inayofungwa msikitini baada ya Alasiri, ikafuatiwa na pilau nyumbani kwa watu sitini, kina mama wa mtaa wakipika pamoja kama walivyopika kwa kila nyumba ya mtaa huo, ina uratibu wake ambao umekomaa kwa vizazi. Vivyo hivyo ndoa ya bomani yenye chakula cha mchana cha familia mbili. Kumleta mtu mwenye redio ya mkononi katika shughuli kama hiyo ni kuivuruga. Hoja ya makala hii inaanzia pale ukumbi unapokodiwa na watoa huduma wasiofahamiana wanapokutanishwa siku moja.

Limebaki lalamiko la mwisho, na hili ndilo lenye ukweli mwingi: waratibu wengi ni matapeli, au ni vijana waliofungua ukurasa wa Instagram mwezi uliopita. Ni kweli wapo. Wapo wanaochukua malipo ya awali wakapotea, na wapo wanaokupeleka kwa mpambaji fulani kwa kuwa mpambaji huyo anawapa kamisheni. Lakini mafundi ujenzi matapeli wapo pia, na hakuna aliyeacha kujenga. Dawa ni kuchagua vizuri, na hapa familia zinakosea kwa namna moja: zinachagua kwa picha. Picha ya ukumbi uliopambwa inaonyesha kazi ya mpambaji na ya mpiga picha. Haionyeshi kama chakula kilifika, kama wazazi walikula, kama watoa huduma waliondoka wamelipwa. Maharusi wenyewe si mashahidi wazuri, kwa kuwa siku yao hawakuona kilichotokea nyuma ya pazia. Waulizwe waliomwona akifanya kazi: msimamizi wa ukumbi, mpishi, DJ, dereva. Mpishi aliyefanya naye shughuli tatu atakwambia kwa dakika mbili kama mtu huyo hupiga simu kwa wakati au hupiga kelele baada ya mambo kuharibika.

Mratibu mwenyewe naye aulizwe maswali yasiyo na jibu la kukariri. Aeleze harusi iliyomharibikia na alichofanya saa hiyo. Asiyekuwa na hata moja ama ni mgeni wa kazi ama hasemi kweli. Aseme Jumamosi hiyo ana shughuli ngapi, na kama atakuja yeye au atamtuma msaidizi ambaye familia haijamwona. Aseme kwa maandishi kama anapokea chochote kutoka kwa watoa huduma anaowapendekeza. Aonyeshe ratiba aliyowahi kuiandika, maana ratiba ya mratibu wa kweli ina dakika, majina na namba za simu, haina "jioni: sherehe". Kuna pia swali ambalo yeye ndiye anapaswa kuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Mratibu ambaye katika mazungumzo ya kwanza anauliza rangi za mapambo na hagusi suala la taarifa hiyo au matangazo ya kanisani, ameonyesha anachokijua.

Suala la muda lina upotofu wake. Familia zinazokubali kuajiri mratibu wa siku hudhani maana yake ni mtu wa kufika Jumamosi asubuhi, na humwita Alhamisi. Mtu huyo hawezi kusaidia. Hajasoma mkataba wa ukumbi, hajui nani kalipwa nusu na nani hajalipwa, watoa huduma hawamtambui na hawatamsikiliza. Anayeijua kazi huomba kukabidhiwa mambo wiki nne hadi sita kabla, anapitia mikataba yote, anampigia kila mtoa huduma, na kuanzia hapo maswali yote yanaelekezwa kwake. Anayekubali kazi ya keshokutwa bila kuomba karatasi hata moja akataliwe, hata kama bei yake ni nafuu.

Na mkataba uandikwe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini kuyathibitisha baada ya ugomvi ni kazi ngumu ambayo maharusi wapya hawana muda nayo. Kurasa mbili zinatosha: kazi zipi, saa ngapi hadi saa ngapi, malipo kwa awamu, nini kinafuata sherehe ikiahirishwa, nani ana mamlaka ya kuidhinisha matumizi ya dharura na kwa kiasi gani. Jina la biashara liangaliwe kwa msajili wa biashara, BRELA, na risiti ya mashine ya kodi, EFD, idaiwe. Tapeli huondoka mwenyewe anaposikia maneno hayo.

Basi wenyeviti wa kamati wafanye jambo moja katika kikao kijacho, kabla rangi ya sare haijajadiliwa. Waandike kipengele cha mratibu juu ya mapambo, si chini yake, na fedha ikipungua ipunguzwe kwenye maua. Mtu huyo akishapatikana, akabidhiwe nakala za mikataba na namba zote, na wajumbe watangaziwe kwamba siku hiyo watoa huduma wanamsikiliza yeye. Kisha mwenyekiti ampigie simu yule mama mdogo ambaye kila mtu anajua ndiye angekuwa stoo, amwambie kwamba safari hii ana kiti mstari wa mbele na hatakiwi kushika kitu. Kamati zinazoketi sasa hivi kwa ajili ya harusi za Desemba bado zina muda wa kufanya hivyo.